Brashi na Bawa: Picha yangu ya ndege atanunua nani?

Barua za wachoraji wa ndege, hizi za injini, mwezi huu zimezidi nafasi niliyopewa. Ile ya Mwanza nimeijibu kwa kirefu, nyingine kwa kadiri zinavyodai. Majina, kama kawaida, yanabaki kwangu.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Ilemela, Mwanza, nachora ndege tangu shule ya msingi. Nimeshachora Boeing 787, Airbus A380, Concorde, hata F-16. Nikiweka Instagram watu wanasema "uko vizuri", "hatari sana", lakini hakuna anayeuliza bei. Baba anataka nikajifunze kuchomelea mageti. Je, kweli kuna biashara katika kuchora ndege?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba usimbishie sana, mageti yanalipa na hela yake inaonekana mapema. Ila biashara unayoiuliza ipo, wewe umeitafuta mahali ambapo haipo.

Tazama orodha yako mwenyewe. A380 hapo Mwanza ni ya nani? Concorde iliacha kuruka 2003, na anayeipenda anaweza kupata bango lake kwa bei ya soda mbili. F-16 hata jeshi letu halina. Umechora ndege za watu usiowajua, ukitazama picha ambazo dunia nzima imeshaziona, halafu unasubiri mtu wa Kirumba atoe laki mbili. Atakusifu, maana sifa ni bure.

Anayelipa ni mtu mwenye habari na ndege moja. Rubani aliyeruka mara ya kwanza akiwa kepteni. Fundi anayestaafu, na wenzake karakanani wanachangishana wampe kitu cha kutundika sebuleni. Mama ambaye binti yake kapata leseni ya urubani. Kampuni ndogo yenye ndege tatu na ofisi yenye ukuta mtupu. Mwenye kambi ya watalii Serengeti ambaye wageni wake wote wanashukia kiwanja cha vumbi pale Kogatende. Hao hawataki ndege tu. Wanataka ile yao, yenye namba yake ya usajili, rangi zake kama zilivyokuwa mwaka ule, na kama kulikuwa na kiraka ubavuni, kiraka kiwepo. Mimi naishi Kipawa, jirani na uwanja wa Julius Nyerere. Ada za watoto nimezilipa kwa namba zinazoanza na 5H, yaani za usajili wa Tanzania, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kama najua kuchora mawingu.

Anza na ndege moja. Kwa mtu wa Mwanza ningesema Cessna Caravan, kwa kuwa Auric Air wana makao yao hapo hapo na ndege hiyo utaiona mpaka uichoke. Ijue. Bawa liko juu, limeshikwa na mhimili mmoja kila upande. Magurudumu hayaingii tumboni, kwa hiyo usimchoree mtu Caravan iliyokunja miguu hewani. Kuna ile fupi, 208, na ile ndefu, 208B Grand Caravan, iliyoongezwa bodi kama mita 1.2, ukichanganya madirisha ya moja na urefu wa nyingine, mwenye ndege ataona kabla hajafika kwenye saini yako. Ekzosi iko upande mmoja tu, kulia, chini ya pua, na masizi yake hupaka ubavu huo huo. Ukikuta picha ya Caravan yenye masizi kushoto, ujue mchoraji aliigeuza picha kwenye simu asijue. Nyingine zina sanduku la mizigo tumboni, nyingine hazina, na ndege ile ile inaweza kuwa nalo mwaka huu, mwakani likatolewa.

Pangaboi ndilo linalowaumbua wengi. Injini ya Caravan ni PT6 ya Pratt & Whitney Canada. Ikizimwa, shinikizo la oili linashuka na mapanga yanajigeuza yenyewe: ukisimama mbele ya pua unaona ukingo mwembamba, ukisimama ubavuni unaona upana wake wote. Nimemwona fundi amesimama mbele ya picha ya machweo, picha nzuri kweli, ndege imeegeshwa, magurudumu yamewekewa vizuizi, naye akauliza jambo moja tu: "Hii imezimwa, mbona pangaboi limekaa kikazi?" Hakununua. Ndege ikiwa hewani kosa ni kinyume chake. Kamera yenye kasi huyagandisha mapanga, nawe ukinakili unamchorea rubani injini iliyozimika angani, kitu asichotaka kukitazama kila asubuhi akinywa chai. Paka duara jepesi la rangi iliyochujwa sana, mandhari ionekane kupitia ndani yake, basi.

Angalia na shokapu. Ndege ikiwa chini, uzito unaikandamiza miguu. Ikinyanyuka, miguu inarefuka. Mabawa ya zile kubwa, kama 787, hewani hupinda kwenda juu na chini hulala. Ndiyo maana ndege uliyoinakili kutoka picha ya maegesho, ukaipachika juu ya mawingu, inajisaliti hata kwa mtu asiyejua kwa nini.

Ukimaliza mchoro wa penseli, usimpelekee rubani. Mpelekee fundi. Rubani huiona ndege yake akiwa ndani. Fundi ameizunguka, ameingia chini yake, anajua kila riveti. Mwombe aikosoe kwa kalamu nyekundu juu ya kopi. Atafurahi kuliko unavyodhani, kwa sababu hakuna anayemwuliza fundi kitu ila ndege ikiharibika. Na siku wenzake wakichanga kwa ajili ya anayestaafu, jina lako litakuwa limeshafika.

Mambo mawili ya sheria. Kwanza, usikae kwenye uzio wa uwanja na kamera. Viwanja vya ndege ni maeneo ya ulinzi na vingine vinatumiwa na jeshi pia. Eleza sanaa yako mpaka jioni, askari atakuwa na maswali yake. Pitia kampuni yenye ndege, omba ruhusa kwa maandishi, na mwenyeji akupeleke mpaka ndege ilipoegeshwa. Ukiwa pale piga picha za vitu vidogo: bawaba za mlango, mahali pa kujazia mafuta, maandishi ya tahadhari, namna vumbi lilivyokaa. Pili, picha ya mtandaoni ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda aliyeipiga kama inavyokulinda wewe, hivyo itumie kujifunza umbo, usiinakili mwanga kwa mwanga. Nembo za mashirika nazo ni mali. Picha moja uliyoagizwa na shirika lenyewe haina tatizo, lakini ukitaka kuuza fulana mia zenye twiga wa Air Tanzania mkiani, tafuta barua ya ruhusa kwanza.

Utakutana mtandaoni na wachoraji wa Uingereza, na utaona wivu. Wana chama chao tangu 1971, Guild of Aviation Artists, na Wamarekani wakaanzisha cha kwao 1986. Jifunze kwao mchoro na mwanga, usinakili soko lao. Soko lile limejengwa sana juu ya Vita Kuu ya Pili: kopi ya picha ya Spitfire iliyotiwa saini na rubani mzee aliyepigana nayo, imepewa namba, imewekwa kwenye fremu. Sisi mzee wetu hakurusha Spitfire. Alirusha Dakota, Fokker Friendship, Twin Otter, na wengi wao wako hai, wanakaa Mbezi na Lang'ata, wanakumbuka kila kiwanja chenye fisi. Saini yao haijaombwa na mtu.

Na hiyo Instagram usiifunge. Badala ya kuandika "ndege yangu mpya" chini ya picha, andika namba ya usajili kamili, kiwanja, na mwaka. Watu wa ndege hutafuta namba. Rubani aliyehamia Qatar anatafuta Caravan aliyoanzia kazi, anakukuta wewe. Ukishapata wateja wa kueleweka nenda TRA ukachukue TIN, maana kampuni haitakulipa bila risiti.

Mageti jifunze pia, ukipenda. Mchoraji anayejitengenezea fremu ya chuma mwenyewe simjui mwingine.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, Mombasa, nachora kwa akriliki. Jirani yetu ni rubani. Anataka picha kubwa ya ndege anayorusha, lakini anasema nimchoree bure kisha atanitangaza kwa wenzake wote. Mume wangu anasema nikubali. Nifanyeje?

JIBU: Dada, mwambie jirani atangaze kwanza. Wenzake wawili wakilipa, ya kwake utampunguzia.

Nikiacha mzaha, shida hapa ni kwamba hujui bei yako, na asiyejua bei yake hawezi kukataa. Kaa na kalamu. Tuseme kanvasi, rangi na fremu vitakula shilingi 6,000 za Kenya. Kazi yenyewe siku nne, nawe unajilipa 2,500 kwa siku, hizo ni 10,000. Brashi zinazochakaa, umeme, nauli ya kwenda kuiona ndege, weka 2,000. Jumla 18,000. Ongeza robo, 4,500, ambayo ni faida ya biashara na wala si mshahara wako. Bei ni 22,500. Namba zako zitakuwa tofauti na hizi, lakini hakuna mstari wa kuruka. Wengi huuruka ule wa siku, kana kwamba siku za mama anayefanya kazi nyumbani zimeokotwa.

Ukishajua hivyo, kumpunguzia jirani ni uamuzi wako. Unaweza kuondoa ile robo kwa ajili ya ujirani. Usiguse 18,000.

Chukua nusu kabla hujanunua kanvasi. Mwonyeshe mchoro wa penseli, akubali kwa ujumbe wa simu ulioandikwa, si kwa mdomo kwenye ngazi. Mabadiliko mawili kwenye penseli ni bure. Rangi ikishaingia, akisema anataka ndege itazame upande wa pili, hiyo ni picha nyingine na bei nyingine. Marubani ni watu wa taratibu, wanasoma orodha kabla ya kuwasha injini. Mpe karatasi yenye masharti na ataiheshimu kuliko ukimbembeleza.

Ukihifadhi haki ya kutoa kopi, iandike humo. Ndege anayorusha yeye inarushwa na wenzake pia. Picha moja asilia ukaitolea kopi 50 za ukubwa wa A3 kwenye karatasi nzito ya pamba, kwa wino wa pigmenti usiopauka haraka, kila moja na namba yake na saini yako, ndipo "kutangazwa" kunapata maana. Ukisema 50, ziwe 50. Atakayegundua ya 51 ni rubani.

SWALI: Mzee, habari za kazi? Mimi ni fundi rangi Arusha, nimechora daladala na magari ya watalii miaka mingi. Kampuni moja ya ndege za kukodi imeniona, inataka nichore twiga na mbuyu kwenye mkia wa ndege yenyewe. Hela ni nzuri. Nichukue?

JIBU: Hela nzuri ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu inaonekana mwenye ndege anataka kukwepa gharama nyingine.

Mkia wa ndege una sehemu inayosogea, na sehemu hiyo imepimwa mizani yake. Ukiongeza tabaka za rangi nyuma ya bawaba, uzito unahama, na kwa kasi fulani inaweza kuanza kutetemeka mpaka ikajivunja. Ndiyo maana usukani wa mkia, na sehemu nyingine za namna hiyo mabawani, ukipakwa rangi upya hukaguliwa na kusawazishwa tena na fundi mwenye leseni, na kazi huandikwa kwenye daftari la ndege. Msasa unaoutumia kwenye daladala nao ni hatari. Bati la alumini la ndege mara nyingi lina ngozi nyembamba ya alumini safi inayolinda lililo chini lisiliwe na kutu yake, ukilikwangua umeiondoa. Namba ya usajili ina kanuni za mahali na ukubwa, kwa hiyo shingo ya twiga isipite juu yake.

Kubwa kuliko yote ni vitundu. Ubavuni mwa ndege kuna vitundu vidogo vinavyopima mgandamizo wa hewa, na humo ndimo rubani anapopata kimo na kasi. Wakati wa kuosha au kupaka rangi huzibwa, kisha lazima vizibuliwe. Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka Lima usiku ikiwa na utepe wa gundi juu ya vitundu hivyo, ulioachwa baada ya kuosha ndege. Marubani hawakujua wako juu kiasi gani wala wanakwenda kasi gani, ndege ikaingia baharini, na watu wote 70 waliokuwemo walikufa. Wewe ni mtu wa utepe, kazi yako yote ni utepe, kwa hiyo nakuandikia hili bila kupunguza.

Kuna njia ya kuichukua kazi. Alexander Calder, mchongaji mashuhuri wa Marekani, alipoombwa na shirika la ndege la Braniff kuipamba ndege yake aina ya DC-8 mwaka 1973, alianza kwa kupaka rangi ndege ndogo za mfano, na mafundi wa shirika wakauhamishia mchoro kwenye ndege kubwa. Fanya hivyo. Chora twiga wako kwenye karatasi kwa vipimo, uza mchoro na haki ya kuutumia, tengeneza vikato vyake ukiombwa, halafu kupaka au kubandika stika kufanywe na karakana yenye kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, wewe ukisimamia rangi. Andika kwenye mkataba kwamba jina lako linakaa chini ya mbuyu. Zile rangi za ndege za kuchanganya makopo mawili zina kemikali inayoharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Hilo nalo waachie wenye vifaa vya kupumulia.

SWALI: Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Muscat. Baba yangu alikuwa fundi East African Airways, Nairobi na Dar, mpaka shirika lilipovunjika 1977. Mwakani anatimiza miaka 80 na nataka kumpa picha ya VC10, ndege aliyoipenda kuliko zote. Mchoraji nimempata, lakini hajawahi kuiona. Nimwambie nini?

JIBU: Wa alaykum salaam. Mwambie kwanza kwamba East African hawakuwa na "VC10" tu, walikuwa na Super VC10, ile ndefu, na zilikuwa tano. Namba ziligawanywa kwa nchi tatu: 5Y-ADA ya Kenya, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania, 5X-UVA na 5X-UVJ za Uganda. Namba utakayochagua si jambo dogo. 5X-UVA ndiyo iliyoanguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 na kuua watu 43, na fundi wa enzi zile huenda alikuwa na rafiki ndani. Hiyo usimwekee kwenye sherehe.

Mzungumzishe baba bila kumwambia sababu. Muulize aliyoihangaikia zaidi ilikuwa ipi. Fundi hukumbuka ndege iliyomsumbua.

Mchoraji azingatie haya: injini nne za Rolls-Royce Conway, mbili mbili kila upande wa nyuma ya bodi, mabawa yakiwa matupu kabisa, bawa dogo la mkia liko juu kabisa ya mkia, na za East African zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni kushoto, mbele. Huo mlango ndio baba atakaoutafuta kwa macho kwanza, kwa sababu nakala nyingi za mtandaoni ni za BOAC, shirika la Uingereza la enzi zile, na hazina. Asichanganye na Comet 4 za shirika hilo hilo, ambazo injini zake zimezama kwenye mizizi ya mabawa. Kwa rangi, achimbue picha za familia. Mafundi walipenda kupigwa picha wakiwa mbele ya ndege, na picha ya mtu mmoja aliyesimama chini ya pua inafaa kuliko mia za mtandaoni kwa sababu ndani yake kuna jua la Embakasi.

Zile nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia wenzake mafuta angani za jeshi la anga, na zilifanya kazi hiyo miaka mingi. 5H-MOG ilitua Dunsfold Septemba 2013 kukabidhiwa jumba la makumbusho la Brooklands, na siku iliyofuata ikaja 5H-MMT kule Bruntingthorpe. Baba akipata kusafiri, ulizieni kwanza kama bado ipo, huenda akaishika kwa mkono ndege aliyoifunga boliti.

Kuhusu kusafirisha: kanvasi ivuliwe kwenye fremu, izungushwe rangi ikiwa nje, si ndani, iwekwe kwenye bomba gumu. Fremu itengenezwe Muscat.

SWALI: Kutoka Tanga. Kwa kifupi tu, mzee: rangi ya mafuta ya kupakia milango inafaa kuchorea ndege? Ya wasanii ni ghali.

JIBU: Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi ya aina hiyo juu ya vibao hapa Dar mwishoni mwa miaka ya sitini, na picha zake leo ziko kwenye makusanyo ya Ulaya na Japani, kwa hiyo sikatai. Inang'aa, inafaa chuma kinachong'aa. Shida ni nyeupe. Nyeupe ya milango hugeuka manjano ikikaa gizani, na ndege nyingi ni nyeupe robo tatu. Nunua walau kopo moja la akriliki nyeupe ya wasanii, tumia za dukani kwa zilizobaki, na akriliki itangulie chini. Ukiipaka juu ya rangi ya mafuta itabanduka.